Gari la Maiti la Bi Sugden: Pauni Sabini

SEHEMU YA SABA

Wiki nzima tumemwacha Haslam na kiganja chake juu ya boneti ya gari la maiti, na kama mnavyomjua, hajachoka.

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita: ni saa tano kasoro dakika ishirini asubuhi, mtaa wa Prospect, mjini Ossett. Ndani ya gari yumo Mzee Stanley Ogden, katika jeneza la mwaloni lenye shada la maua meupe. Mbele ya gari amesimama Bi Winifred Sugden, mwenye kampuni ya mazishi, na kofia yake ndefu nyeusi kwapani, tayari kutembea mbele ya maiti mpaka mwisho wa mtaa. Na mwisho wa mtaa lipo lori la kuvuta magari, limeziba njia.

"Samahani sana," alisema Haslam. "Nimetumwa na kampuni iliyokukopesha, kulichukua hili gari."

"Samahani," alisema Bi Sugden naye.

Sisi majirani, tuliojipanga kando ya barabara kumsindikiza marehemu, tulifanya tunachokijua. Tulitazama viatu vyetu.

Haslam si mjinga. Miezi miwili alikuwa akilizungukia gari hilo. Likiwa ndani ya ua wa Bi Sugden asingeweza kuligusa, maana sheria inamkataza kuingia kwa mtu kuchukua mali bila amri ya hakimu. Barabarani ni mambo mengine. Na gari la maiti, hata mwenyewe awe mjanja kama sungura, lazima siku moja litoke, tena litoke taratibu, nyuma ya mtu anayetembea kwa miguu. Sijui gari jingine lililo rahisi kukamata kuliko hilo.

Bi Sugden alikuwa na gari la maiti hilo moja tu. Alilichukua kwa lipa polepole mwaka mmoja na ushei uliopita, baada ya lile la marehemu mumewe kuzimika mlimani na maiti ndani. Barabara kuu ipo kampuni kubwa yenye magari sita na bango la taa. Akilikosa hili, wafu wote wa Ossett watahamia huko, na yeye atabaki na kofia. Wahenga waliosema kukopa harusi, kulipa matanga, walikuwa wakimsema yeye, ila tu kwake matanga ndiyo yanayoleta mkate.

Clifford, dereva wake wa siku zote, aliteremsha kioo. Aliuliza kuhusu abiria.

"Mkataba ni wa gari peke yake," alijibu Haslam kwa upole. "Marehemu hayumo kwenye mkataba. Itabidi mmteremshe."

"Tumpeleke wapi?"

"Hapo sina maelekezo."

Tatizo la kumteremsha Mzee Stanley halikuwa uzito wake. Zamu yake ya kuchomwa, kwenye tanuri la kuchomea maiti, ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Kule hawamsubiri mtu. Ukichelewa unapoteza zamu, na zamu iliyofuata ilikuwa baada ya siku tisa. Siku tisa angekaa wapi? Sebuleni, pembeni ya televisheni?

Haslam alieleza kwamba hapendi kazi hii, na kwamba alijaribu kila njia kabla ya kufika hapa. Barua tatu alimwandikia Bi Sugden. Hata mdhamini wake alimtafuta.

"Nimempigia wiki nzima, simu inaita tu," alisema. "Jina sipewi, sheria ya siri za watu. Nimepewa namba. Angekuwa mtu wa kupokea simu, tusingefika hapa."

Bi Sugden alikohoa, kisha akarekebisha glavu ambazo hazikuwa na kasoro yoyote.

Jirani mmoja alitoka na kikombe cha chai akampa Haslam, kwa kuwa alikuwa amesimama muda mrefu. Msinicheke. Ndivyo tulivyo.

Hapo mlango wa gari la wafiwa, lililosimama nyuma ya la maiti, ukafunguka, akashuka mjane.

Bi Doreen ana miaka sabini na minne na goti moja bovu. Alikuja polepole mpaka mbele ya boneti, akasimama, akauliza kuna nini. Haslam akaomba msamaha. Bi Sugden akaomba msamaha. Clifford, ambaye hakuwa na kosa, naye akaomba msamaha kupitia dirishani. Bi Doreen aliwaacha wote watatu wamalize.

"Amelipa theluthi?" aliuliza.

Kwa neno hilo moja Haslam alitoa mkono kwenye boneti.

Wasomaji wapya hawawezi kujua, lakini sisi wa Ossett tunajua. Huyu mama alikaa miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha la lipa polepole la duka la samani mjini kwetu. Kila kochi mlilokalia, kila kitanda mlichozalia, kilipita chini ya miwani yake. Nyumbani kwake mwenyewe hakikuingia hata kijiko cha mkopo. Stanley alichukia madeni. Miaka arobaini na saba ya ndoa, Bi Doreen alikuwa akituambia kwa fahari, mume wangu hajawahi kukopa wala kumdhamini mtu hata kwa baiskeli.

"Hajalipa theluthi," alijibu Haslam. "Angekuwa amelipa nisingekuja. Mimi naifuata sheria, mama."

Na sheria yenyewe, niiseme kwa kifupi kwa sababu maiti anasubiri. Mtu akishalipa theluthi moja ya bei yote ya mali aliyochukua kwa lipa polepole, kampuni haiwezi tena kuipokonya mpaka iende kwa hakimu. Na hakimu humsikiliza mdaiwa, humpangia malipo madogo, humpa muda. Bi Sugden alihitaji muda tu. Majira ya baridi yalikuwa yanakuja, wazee wetu hawayavuki wote, na sisemi zaidi.

"Nipe karatasi," alisema Bi Doreen.

Haslam alikuwa na barua ya kampuni. Bei yote: pauni elfu ishirini na nne. Theluthi yake: elfu nane. Zilizolipwa: elfu saba mia saba na thelathini.

Mjane alimgeukia Bi Sugden akataka mkataba wenyewe. Ulikuwa ndani ya gari, chini ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Bi Sugden aliutoa, akampa kurasa mbili, na ya tatu akaikunja akaitia mfukoni mwa koti.

"Hiyo je?"

"Ni mihuri tu, Bi Doreen. Hakuna kitu."

Bi Doreen alimtazama kidogo. Kisha akatazama saa, akaanza kutafuta miwani. Mkobani mwake vilitoka leso, pipi za mnanaa, bahasha ya pesa za sandwichi za kuwalisha watu klabuni baada ya mazishi, na simu mbili. Moja yake, moja ya marehemu. Hiyo ya marehemu aliibeba ili awajibu watu ambao hawajasikia habari. Alituambia kwamba ipo namba moja imepiga mara tisa tangu mzee afariki, na hakuipokea hata mara moja, maana alijua ni wale wanaouza madirisha kwa simu. Miwani ilikuwa kichwani.

Alisoma amesimama. Alisoma kama wengine wanavyochambua mchele, kidole kimoja kikitembea. Haslam alikunywa chai yake.

"Hizi pauni mia mbili ni za nini?"

"Ada ya karatasi. Ada ya kuandaa mkataba."

"Alilipa?"

"Alilipa siku ya kwanza, pamoja na kianzio."

"Kwenye hesabu yenu haimo."

Haslam alieleza, bila kiburi, kwamba ada ni ada na rejesho ni rejesho. Kianzio elfu tatu, marejesho kumi na moja ya mia nne na thelathini, jumla elfu saba mia saba na thelathini. Ada haihesabiwi kwa sababu ada haikununua hata tairi.

Bi Doreen aligeuza ukurasa akamwonyesha kisanduku.

"Elfu ishirini na nne mmezipataje? Hebu jumlisha. Kianzio, marejesho arobaini na nane, ada ya karatasi mia mbili, na hii mia na sitini ya kumilikishwa gari mwishoni, ambayo hata hajaifikia. Zote mmezitia kwenye bei. Umempimia mteja nyama pamoja na mfupa, halafu kwenye kuandika alicholipa unautoa mfupa?"

"Ofisi ndio wamepiga hesabu, mama."

"Wapigie."

Haslam alimpa Clifford kikombe amshikie, akapiga simu. Alisogea hatua tano pembeni. Tulimwona akitikisa kichwa, kisha akitikisa tena kwa namna nyingine. Wabeba jeneza wanne walikuwa wamesimama kando ya gari, mikono nyuma, wakihesabu matofali ya nyumba ya mbele. Bi Sugden alisimama wima kama mshumaa. Mimi nilianza kuomba, na kanisani huwa naenda Krismasi tu.

Alirudi.

"Wanasema ni kweli. Ada imo kwenye bei, kwa hiyo imo kwenye malipo. Jumla ni elfu saba mia tisa na thelathini."

Mtaa mzima ulipumua. Jirani mwenye chai alisema vizuri sana. Bi Sugden aliinua mkono kuvaa kofia.

"Bado sabini," alisema Haslam.

Kofia ikarudi kwapani.

Ilikuwa kweli. Elfu nane toa elfu saba mia tisa na thelathini ni sabini, Ossett na kwingineko. Saa ilikuwa tano kasoro dakika kumi.

Ndipo Bi Sugden aliposema kwa sauti ndogo kwamba mwezi wa tatu alituma pauni mia na hamsini. Hazikutosha rejesho zima, lakini alizituma. Cheki ilipokelewa. Mbona hazimo?

Bi Doreen alikaribia kutabasamu. Alimwambia Haslam kwamba hapo wamekwisha. Mia na hamsini juu ya hizo ni elfu nane na themanini, theluthi imepita, aondoe lori lake mzee akapumzike.

Haslam alifungua mkoba wake wa ngozi. Alifungua taratibu, kama mtu anayejua kilichomo na hakipendi.

"Hizo zilikatwa faini. Faini ya kuchelewa, faini ya barua, faini ya kupigiwa simu. Faini haihesabiwi kwenye theluthi, mama. Hilo unalijua kuliko mimi."

"Nalijua. Lakini anayelipa ndiye anayesema pesa yake ni ya nini. Mkopeshaji anachagua pale tu mlipaji aliponyamaza. Alinyamaza?"

"Hapana," alisema Haslam. "Hakunyamaza."

Akatoa barua fupi iliyobanwa na cheki. Mwandiko ulikuwa wa Bi Sugden, mzuri, wa wino wa bluu. Bi Doreen aliisoma kwa sauti, na ningependa asingeisoma.

"Wapendwa, samahani sana kwa usumbufu wote niliowasababishia. Tafadhali pokeeni hizi kidogo kwa ajili ya usumbufu huo. Wenu mwaminifu, W. Sugden."

Kila mtu mtaani pale aliwahi kuandika barua kama ile. Tunamwomba radhi anayetukanyaga mguu. Mama wa watu alikuwa na mia na hamsini za kuokoa gari lake, akazitoa zawadi kwa kampuni kwa sababu alijisikia vibaya kuwapa kazi ya kumdai.

"Winifred," alisema Bi Doreen.

"Nilidhani ni adabu."

"Ni adabu. Imekugharimu gari."

Nilimhurumia, na niliona hasira pia, hasira ya kutaka kumtikisa mabega mpaka kofia ianguke. Miaka ishirini na sita amewazika watu wetu, masikini aliwafanyia kwa nusu bei, na kitu cha kumwangusha kikawa neno samahani.

Haslam alimpungia mkono mwenzake wa kwenye lori. Lori likawashwa, likaanza kurudi nyuma kuja kwetu, likipiga ule mlio wake wa pii, pii, pii. Wabeba jeneza walitazamana, wakafungua mlango wa nyuma.

"Fungeni mlango huo," alisema Bi Doreen. "Kijana, gari umeshalichukua?"

"Bado, mama. Nakaribia."

"Basi hujalichukua. Akilipa sabini sasa hivi, theluthi imetimia kabla hujagusa."

Akatoa ile bahasha ya sandwichi, akahesabu noti. Sabini. Alimkabidhi Bi Sugden, akasema azikate kwenye bili ya mazishi. Bi Sugden akamnyooshea Haslam.

Haslam hakuzipokea. Mikono aliiweka nyuma.

"Mama, nisikilize kwanza. Pesa taslimu ikiingia mkononi mwangu, kanuni ya kampuni ni kwamba inakata kwanza ada yangu ya kuja hapa. Mia na ishirini. Nikizishika hizo, zimekwenda, na bado mtadaiwa hamsini. Ningekuwa ninyi, nisingezitoa."

Nilimpenda Haslam kwa mara ya kwanza tangu sehemu ya pili.

Ilibidi pesa iende moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni, kwa simu. Simu ya Bi Sugden ilikuwa ofisini, kwa kuwa hajawahi kubeba simu mbele ya jeneza, na hata ingekuwepo, benki alikuwa na pauni kumi na nne. Bi Doreen hatumii benki ya simu, haiamini. Haslam haruhusiwi. Saa tano kasoro dakika tano.

Clifford alitoa mkono dirishani. Mkononi mlikuwa na simu.

"Nipeni hizo noti," alisema. "Nitatuma mimi kwa niaba yake. Kikombe nani anashika?"

Kikombe akashika mbeba jeneza. Haslam akataja namba ya akaunti, tarakimu moja moja. Kikabaki kisanduku kimoja, kile cha kuandika malipo ni ya nini. Clifford alisema huyo anayedaiwa aandike mwenyewe, asije akaharibu yeye. Bi Sugden alivua glavu, akashika simu, akaanza kuandika kwa kidole kimoja.

Bi Doreen alichungulia.

"Umeandika nini?"

"Samahani kwa—"

"Futa."

Akafuta.

"Andika rejesho. Neno moja. Usisalimie."

Bi Sugden aliandika rejesho. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumlipa mtu bila kumwomba radhi, na ilimwuma, ilionekana usoni. Akabonyeza.

Tukasubiri. Haslam alikuwa na ofisi sikioni. Dakika mbili nzima zikapita.

"Imeingia," alisema. "Elfu nane kamili. Imeandikwa rejesho." Akazima simu. "Siwezi kuligusa tena bila hakimu. Samahani kwa usumbufu."

Akaivua kofia yake mbele ya jeneza, akampungia mwenzake, na lori likaondoka, njia ikafunguka mpaka mwisho wa mtaa. Hakuna aliyepiga makofi, ilikuwa mazishi. Lakini jirani alikwenda akamjazia Haslam chai.

Bi Doreen alirudi garini kwake. Aliacha mlango wazi ili anyooshe goti kidogo. Bi Sugden alivaa glavu, akavaa kofia, akainua fimbo yake ya kuongozea msafara. Marehemu mumewe alimwachia kanuni moja tu ya kazi: ukishaanza kutembea mbele ya maiti, usigeuke nyuma hata nyumba iungue. Miaka ishirini na sita hajaivunja.

Akainamisha kichwa, akaanza kutembea. Nyuma yake Clifford akaliachia gari lisogee. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na mbili, na zinatosha ukijua njia.

"Kitu kimoja tu," alisema Haslam, akiwa kando ya barabara na simu mkononi. Hakumwambia mtu maalumu. "Kanuni. Nikishindwa kukamata, lazima nimwarifu mdhamini papo hapo."

Niliona mabega ya Bi Sugden yakipanda. Hakusimama. Aliongeza mwendo, na hilo sijawahi kuliona kwa mtu wa mazishi.

"Haina haja, kaka," alisema akiwa anatazama mbele. "Mwache. Utampigia kesho."

"Dakika moja tu, Bi Sugden. Safari hii nina habari njema ya kumpa."

Akapiga.

Ndani ya gari la wafiwa, mkobani mwa Bi Doreen, simu ikaita.

Alidhani ni yake. Akaitoa, lakini hiyo ilikuwa kimya. Akatoa ya pili. Alitazama namba iliyokuwa ikiwaka, ile ile ya mara tisa, kisha akamtazama Haslam aliyesimama hatua nne kutoka mlangoni kwake, simu sikioni, akingoja mtu apokee. Alipokea.

"Halo," alisema Haslam, mgongo wake kwetu. "Naongea na mdhamini wa Bi Winifred Sugden?"

"Mdhamini huyo amelala kwenye gari lililokupita sasa hivi, mwanangu," alisema Bi Doreen. "Mimi ni mke wake. Hebu niambie, amemdhamini tangu lini?"

Haslam aligeuka na simu sikioni.

Na huko mbele, hatua ya kumi na mbili kutoka nyumbani kwa marehemu, kofia ndefu nyeusi nayo ikageuka nyuma.